Mlango wa Mbele wa Orrin Leavitt

Hapa Tarbell, mji wetu mdogo wa milimani kaskazini mwa Amerika, mlango wa mbele ni pambo la nyumba. Watu huingia kwa mlango wa jikoni, na matope yao na mbwa wao na habari zao, na badala ya kupiga hodi hukohoa tu. Wa mbele hufunguliwa kwa ajili ya jeneza, au kwa mgeni wa serikali asiyejua desturi. Majira ya baridi hakuna anayejisumbua kuzoa theluji mbele yake. Kwa hiyo mtu akikubishia hodi huko, unajua kabla hujamwona kwamba hakuja kunywa kahawa.

Mimi naitwa Verna Ouellette. Niliendesha basi la shule katika mji huu mpaka nikastaafu, na mtu aliyewabeba watoto wa Tarbell asubuhi na jioni, wakipigana na kutapikiana, hawezi tena kutishwa na mtu mzima. Nalisema hili mapema ili usidhani nilichofanya kilihitaji ushujaa. Kilihitaji hasira, na hasira ninayo ya kutosha na kubaki.

Jambo lenyewe lilihusu mlima tunaouita Kipara, kwa sababu kileleni ni jiwe tupu lililozungukwa na vichaka vya bluberi, yale matunda madogo ya buluu. Ulikuwa mali ya Orrin Leavitt, na kabla yake ya baba yake. Lakini mji mzima uliutumia kama wake: kuchuma bluberi Agosti, kuwinda paa Novemba, watoto na mbao zao za kuteleza theluji ikianguka. Orrin hakuwahi kugongelea kibao cha kumzuia mtu. Ukimpiga paa kwenye ardhi yake, ulimwachia paja barazani, na hapo hesabu ikawa imekwisha.

Tulikuwa na ziwa pia kwa mtindo huohuo, mpaka tajiri mmoja aliponunua ufuko na kuifunga njia kwa mnyororo. Ardhi ilikuwa yake na sheria ilikuwa upande wake. Sisi tulikuwa na mazoea tu, na mazoea hayana hati. Jumamosi baada ya mnyororo ule tulikutana katika chumba cha chini cha kanisa, juu ya sufuria kubwa la maharage, tukiwa tumenuna. Tulipomaliza kula tulikuwa tumeanzisha Amana ya Ardhi ya Tarbell, chama cha kununua ardhi na kuitunza kwa ajili ya mji. Hatukujua sheria wala hatukuwa na senti. Tulijua tu kwamba kipande kitakachofuata tutakinunua sisi.

Wa kwanza kutuuzia alikuwa Beulah Leavitt, dada yake Orrin, aliyenifundisha mimi kusoma. Hakuolewa na hakumwomba mtu radhi kwa hilo. Alikuwa na konde la nyasi na msitu nyuma yake, ukipakana na Kipara kwa ukuta wa mawe. Katika konde lile huja kila mwaka wale ndege weusi wenye kisogo cha manjano, wanaosafiri kutoka mwisho wa Amerika ya Kusini ili watage kwenye nyasi zetu. Beulah alituuzia kwa bei ya kutupa, kwa masharti. Konde lifyekwe kila mwaka, lakini si kabla vifaranga hawajaweza kuruka. Msitu usiguswe, na nyumba isijengwe, milele.

Siku ya kutia sahihi alisimama mbele yetu kama alivyokuwa akisimama darasani. Akasema, "Karatasi haina miguu. Mimi nitakufa. Nani atagombana kwa ajili yangu?"

Nikainua mkono. Sijui kwa nini. Pengine ni kwa sababu alikuwa mwalimu wangu na swali lake lilikuwa linaning'inia. Orrin alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma wa chumba, amekuja kumkasirikia dada yake hadharani. Akacheka. "Utagombana na nani, binti Armand?" alisema. Armand alikuwa baba yangu. "Wewe hata kipande cha pili cha pai hujawahi kukikataa."

Kaka na dada hawakusemeshana baada ya siku ile. Beulah alikufa majira ya kuchipua mwaka wa pili, na Orrin alibeba jeneza lake bila kumtazama mtu usoni.

Sisi tukaendelea. Tuliuza pai na mablanketi ya viraka, tukanadi makabati ya marehemu wa watu. Tukasubiri wazee wakate shauri, na wengine wao walichukua muda mrefu kuliko sisi tulivyotarajia kuishi. Kuna waliotuuzia ardhi yote. Kuna waliobaki na ardhi yao, wakatuuzia haki moja tu, ile ya kujenga majumba juu yake, ili asijenge yeye, wala mwanawe, wala atakayenunua kwa mwanawe. Kampuni ya karatasi ilipofunga kiwanda, tuliununua msitu wake wa kaskazini kabla wanunuzi wa mbali hawajapata viatu vyao. Ufuko wa ziwa nao ulirudi. Yule tajiri alichoka na mbu akauza, na mnyororo wake tunao mpaka leo, umetundikwa kwenye ofisi yetu juu ya mashine ya kahawa.

Ramani ukutani ikawa ya kijani pande zote. Katikati palibaki shimo jeupe, na shimo hilo lilikuwa Kipara. Nilikuwa nikilitazama kila nikienda kujimiminia kahawa, na nakwambia, liliniuma. Kazi ya nusu ya maisha yetu ilikuwa imeuzunguka mlima ambao haukuwa wetu.

Mwaka ninaousimulia, kampuni ya majumba kutoka kusini ilimjia Orrin. Walitaka kuweka nyumba za mapumziko mgongoni kote, na barabara, na geti chini. Nasi tukampelekea ofa yetu, ndogo kuliko yao kama kawaida yetu. Orrin alikuwa na zaidi ya miaka themanini, hana mtoto, na kichwa chake kilikuwa kigumu kama kile cha mlima wake. Alisema atatoa jibu kabla ya Krismasi. Zaidi ya hapo hakusema kitu, hata kwa mbwa wake.

Kila Novemba, majani yakishapukutika na msitu ukaonekana, tunatembea mipaka ya kila kipande tulichoahidi kukilinda. Tunavaa fulana za rangi ya chungwa ili wawindaji wasitudhanie paa, tunatafuta alama zetu za chuma, tunaangalia kama kuna mtu amejenga, amechimba, amemwaga taka. Ni kazi ambayo hakuna anayeipiga picha. Kununua ardhi ni harusi. Kutembea mipaka ndiyo ndoa yenyewe.

Kwenye kipande cha Beulah nilitembea na mwenyekiti wetu, Dwight Farnham. Dwight alihamia hapa kutoka Connecticut baada ya kustaafu kazi za bima. Ni mtu wa kuja, na ataitwa mtu wa kuja hata kwenye jiwe la kaburi lake, lakini ana moyo mzuri na magoti mazima. Tulifuata ukuta wa mawe tukizungumza juu ya Kipara, kwani siku zile hatukuwa na mazungumzo mengine. Mbele kidogo ya kijito tukakuta visiki vitatu.

Mialoni mitatu mikubwa, upande wetu wa ukuta, imekatwa. Visiki vilikuwa vya miezi kadhaa, na vimekatwa chini, sawasawa kama meza. Magogo yalikuwa yameburutwa kupitia mahali ukuta ulipofunguliwa, kwenda upande wa Orrin, kisha mawe yakarudishwa moja moja, kila jiwe mahali pake. Katika mji huu ni mkono mmoja tu unaokata hivyo, wa Orrin. Na mkono huo haujawahi kukosea mpaka. Ukuta ule ulijengwa na babu wa babu yake.

Dwight alivua kofia, akaivaa tena. "Ni mitatu tu, Verna," alisema.

Nilichokuwa nacho mdomoni hakikufaa kuambiwa mwenyekiti.

Kamati ya Amana ilikutana maktaba siku iliyofuata. Hakuna aliyesema kwamba si kitu. Si watu wabaya. Walisema tungoje. Walisema tukimgusa Orrin sasa hivi atawapigia simu wale wa kusini kabla hatujafika kwenye magari yetu. Atie sahihi kwanza, walisema, halafu baadaye, mambo yakitulia, tutalizungumza lile la mialoni kiungwana. Dwight alilieleza vizuri zaidi ya wote: upande mmoja mialoni mitatu ambayo tayari imelala, upande wa pili mlima mzima.

Nami nilitaka mlima kuliko wote waliokuwa mezani. Nilichuma bluberi huko nikiwa na meno ya utotoni. Nilikaa pale nikasikia kila neno lao linaingia vizuri masikioni mwangu, na hapo ndipo nilipoogopa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nikawaambia. Leo tumenyamaza kwa sababu tunamtaka Orrin. Kesho tutamtaka mwingine, naye atatukatia nini? Mwisho wa siku tutakuwa na ramani ya kijani kila mahali na neno letu halitanunua hata kiberiti. Kisha nikawakumbusha swali la Beulah, na mkono wa nani uliinuka.

Wakapiga kura, nikashinda kwa kura moja, na kura hiyo ilikuwa ya Dwight. Aliipiga kama mtu anayemeza mafuta ya samaki. "Nenda," akaniambia nje, tukikwangua barafu kwenye vioo vya magari. "Ila ukirudi bila mlima, mimi ndiye nitakayeondoa ile ramani ukutani. Sitaki uione."

Kwa Orrin nilikuwa nikienda tangu utoto, na daima kwa mlango wa jikoni. Siku ile niliegesha pikapu barabarani, nikapita juu ya theluji ya kwanza mpaka mlango wa mbele, nikabisha kwa ngumi.

Mbwa alibweka, kisha akanyamaza kwa mshangao. Pazia likasogea.

"Binti Armand," sauti ikatoka ndani. "Kwani jikoni kumehama?"

"Sikuja jikoni, Orrin. Nimekuja kwako kwa kazi ya Amana."

Halafu nikasikia vitu vinasukumwa, sanduku, kiti, kitu cha bati kilichoanguka na kutukanwa. Mlango ule ulifunguliwa mara ya mwisho siku ya jeneza la Beulah. Rangi ilikuwa imeugandisha kwenye fremu. Akavuta, haukutoka. Akaniamuru nisukume, nikasukuma kwa bega, yeye anavuta na kunilaumu kwamba sina nguvu za baba yangu, mimi namwambia asogee nisije nikamuua kabla sijamshtaki. Mwisho uliachia kwa ghafla na bawaba zikalia kama nguruwe. Tukajikuta tunatazamana kizingitini, wote wawili tunahema.

Alinikalisha sebuleni, kwenye baridi, kati ya viti vilivyofunikwa shuka. Kahawa hakunipa, na alifanya vyema. Nikamwambia tulichokiona. Nikamwambia miti ile ni ya Amana kwa hati aliyotia sahihi dada yake, kwamba atalipa thamani yake na fidia juu, na ataandika kwa mkono wake kwamba alivuka mpaka.

"Nisipolipa?"

"Tutakupeleka mahakamani."

"Na mlima?"

"Mlima ni wako. Muuzie umtakaye."

Alinitazama usoni. Macho ya Leavitt ni ya kijivu na hayapepesi. "Kamati inajua kwamba naweza kuwapigia wale wa kusini hata sasa hivi?"

"Inajua."

"Na bado wamekutuma."

"Wamenituma. Wengine kwa shingo upande." Kisha, kwa kuwa sijui kufunga mdomo, nikaongeza, "Na mimi naulilia mlima huo, Orrin, usidhani siulilii. Nikitoka hapa nitalia kwenye gari. Lakini utalipa mialoni ya Beulah."

Akainuka, akavaa koti, akanipa ishara nimfuate. Tulitoka kwa ule mlango wa mbele, tukazunguka mpaka ghalani. Akasukuma lango.

Mbao zilikuwa zimepangwa ghalani mpaka kufikia kifua changu. Mialoni mitatu ilikuwa imepasuliwa vizuri, vijiti vimewekwa kati ya kila ubao ili hewa ipite, ncha zimepakwa rangi zisipasuke. Hapakuwa na hata ubao mmoja uliopungua. Na kwenye kila ncha, kwa chaki, ameandika jina la dada yake.

"Nilikata Aprili," alisema. "Nimewangoja toka Aprili."

Sikuelewa mara moja, na nilipoelewa, damu ilinipanda kichwani.

Akaendelea, akiziambia mbao badala ya mimi. "Nilimwambia Beulah watakufyekea miaka mitano, kisha atakuja mtu wanayemhitaji, nao watatazama pembeni. Akaniambia mimi siamini hata jua. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Nimekaa dirishani nikawaona mnafyeka kila mwaka, mnachekwa na mji kwa nyasi zenu za Agosti ambazo hata mbuzi hazili. Nikasema haya, kufyeka wanaweza. Lakini hakuna aliyewahi kuwazuia kufyeka. Nilitaka kuona siku ambayo neno lenu litawauma."

"Umekata miti ya dada yako ili unipime mimi?"

"Mngekuja hapa na pai, mkanichekea, msiseme kitu, ningejua. Mlima ungekwenda kusini Jumatatu."

Nilimwambia yeye ni mzee mwovu. Nilimwambia mwaloni haukui kwa mwaka, na kwamba Beulah angemchapa rula vidoleni. Nilisema mengine ambayo sikujifunza kanisani. Alisimama akapokea yote, kofia mkononi, na nilipomaliza akajifuta macho kwa kofia ile.

"Ulikumbuka," alisema. "Uliinua mkono na ukakumbuka."

Hapo mimi ndiye niliyelia, na sikungoja kufika kwenye gari.

Alilipa. Sikumpunguzia hata senti, na aliandika kwa mkono wake kwamba alivuka mpaka kwa makusudi. Neno makusudi alilipigia mstari, kwa majivuno. Kabla ya Krismasi akatuuzia Kipara, chini ya bei ya wale wa kusini, na masharti yake yalikuwa marefu kuliko ya Beulah. Mji uendelee kuwinda na kuchuma. Yeye akae katika nyumba yake mpaka afe, na akate kuni zake mwenyewe mahali tulipokubaliana. Konde lake la chini lifyekwe Agosti, kama lile la dada yake. Wakili alimuuliza kwa nini, naye akajibu kwamba ndege hawajui kusoma mipaka.

Jumamosi iliyofuata tulipika maharage katika chumba kilekile cha chini cha kanisa. Dwight alikuwa ameshusha ramani kwenye ukuta wa ofisi na kuja nayo, na kwa dakika moja nilimwona anavyoitazama, nikajua anafikiria jinsi alivyoahidi kuishusha kwa sababu nyingine. Akanikabidhi kalamu ya kijani. Nikakipaka Kipara rangi, nikavuka mstari kidogo upande wa mashariki. Hakuna aliyenicheka isipokuwa Orrin, aliyekuwa ameegemea ukuta wake wa nyuma. Alisema Amana imeshaanza kuvuka mipaka ya watu. Chumba kizima kilicheka, na mimi nilijivuna kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi. Nilijivunia mlima, ndiyo. Nilijivunia zaidi ile kura moja.

Mbao za Beulah tulizitumia majira ya kuchipua. Zikawa daraja juu ya kijito, pale njia inapoanza kupanda Kipara. Ni daraja fupi na pana, na linabeba watoto wenye ndoo za bluberi bila kutikisika.

Novemba ikaja tena. Tulitembea mipaka, na safari hii mpaka ulikuwa mrefu zaidi, kwa sababu ule ukuta wa mawe haukuwa tena mwisho wetu. Pale kwenye visiki nikasimama. Mwaloni una kichwa kigumu kama watu wa hapa. Kila kisiki kilikuwa kimechipua, machipukizi mekundu yamenifika magotini.

Dwight alitaka tushuke tukapate kahawa. Nikamwambia atangulie. Nilikata njia mpaka nyumbani kwa Orrin, daftari la ripoti ya mipaka mkononi, nikaupita mlango wa jikoni uliokuwa wazi na kunukia mkate wa mahindi, nikazunguka mbele. Theluji ya asubuhi ilikuwa imezolewa, imeachwa njia safi kutoka barabarani mpaka kizingitini.

Nikabisha mara moja, na mlango ukafunguka bila sauti. Mzee alikuwa amezipaka bawaba mafuta. Alikuwa amevaa shati la kanisani, siku ya kazi, amesimama wima kama mtu aliyeitwa ubaoni.

"Haya, binti Armand," alisema. "Nisomee."

Nikamsomea. Nikaanza na kipande cha Beulah.